Sifuri kwa Radi Kuu

Iko nchi, wala si hii yetu, yetu Mungu aiweke, inaitwa Jamhuri ya Mvumo. Huko watu hawauani kwa ardhi wala kwa dini. Wanaumizana kwa sababu ya albamu za hip-hop, na wanaumizana kwa utaratibu mzuri sana, wenye daftari, mhuri na ndoo ya maji ya chumvi.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mtu akitoa albamu, mhakiki huisikiliza, kisha hupanda jukwaani mbele ya umma akaipa alama kati ya kumi. Uhuru wa maoni umekamilika Mvumo: kila mtu yuko huru kusema lake, na aliyesemwa yuko huru kujibu kwa ngumi. Kila alama iliyozuiwa ni ngumi moja. Lakini msidhani ni nchi ya wahuni. Mhakiki lazima autaje mstari uliomfanya azuie alama, na msanii lazima aughani mstari huo kwa kichwa, neno kwa neno, ndipo apige. Akishindwa, ngumi inamrudia yeye kwa mkono wa mhakiki. Juu ya mlango wa mahakama kuu wamechonga maneno haya: ALIYEGHANI NDIYE APIGAYE, NA ALIYEPIGA NDIYE MWENYE MANENO. Kwa miaka arobaini hakuna mchanaji aliyesahau mistari yake.

Ndiyo maana wahakiki wengi wa Mvumo hutoa kumi. Wana meno thelathini na mawili, meupe kama nazi, na hutabasamu kwenye televisheni kila Jumatatu.

Kidawa Mselemu alikuwa na meno kumi na mawili.

Miaka kumi na mmoja alikuwa akihakiki, na hakuwahi kutoa alama ambayo albamu haikuitolea jasho. Tisa aliwahi kutoa mara moja tu. Kumi hakuwahi. Watu walimwambia, "Kidawa, mdomo wako utakuponza," naye aliwajibu kwamba ulishamponza zamani, sasa wanagawana mabaki tu.

Kati ya meno yake ishirini yaliyotoka, kumi na matatu yalitolewa na mtu mmoja, naye ndiye aliyekuwa rafiki yake mkubwa. Huyo ni Tamimu, kijana wa mtaa wa pili. Albamu yake ya kwanza Kidawa aliipa nne. Tamimu akaghani mistari sita, akapiga ngumi sita, na kwa kuwa alilelewa vizuri, jioni akabisha hodi na sufuria.

"Shikamoo, dada Kidawa. Nimekuletea uji. Huna haja ya kutafuna."

"Marahaba. Ule mstari wako wa pili ni mbovu."

"Najua. Ndiyo maana ule niliupiga kwa nguvu."

Basi wakawa ndugu. Albamu ya pili ikapata sita, ya tatu ikapata saba, na ngumi zikapungua kwa hesabu ileile. Tamimu alikuwa akikaa jikoni kwa Kidawa akitafuta vina, akigonga mdundo kwa mwiko. Kuna mstari mmoja aliuhangaikia miezi mitatu. Alikuwa na ubavu wa kwanza, *Walinikata ulimi, nikaupanda ukamea*, lakini wa pili haukuja.

"Iko siku utanipa kumi, dada."

"Siku hiyo nitakuwa nimekufa, au nimekuwa mnafiki. Chochea moto."

Ubavu wa pili ulikuwa bado haujaja Tamimu alipokamatwa. Kosa lake lilikuwa kuchana kwa huzuni katika mwaka uliotangazwa kuwa wa furaha.

*

Sasa, Rais wa Mvumo, Jemadari Ngwembe, alitawala miaka kumi na minane bila kujua kwamba yeye ni msanii. Alipojua, taifa zima lilifahamishwa. Akajiita Radi Kuu, akatoa albamu iitwayo *Chuma na Damu*, na vipaza sauti vikatundikwa kwenye kila nguzo, vikiipiga alfajiri, adhuhuri na wakati wa kula. Waliipiga hata wodi ya wazazi. Kinyozi mmoja alipunguza sauti kidogo ili amsikie mteja wake. Kesho yake alionekana na yeye amepunguzwa, mkono wa kushoto.

Kidawa alikuwa akiparua samaki albamu ilipomfikia. Sauti ilikuwa ya mlango uliotoka bawabani. Mdundo ulikuwa wa gwaride. Lakini maneno! Kisu kilisimama juu ya magamba.

*Walinikata ulimi, nikaupanda ukamea,*
*matawi yanasema wazi, mizizi inawasogelea.*

"Ameupata," Kidawa alisema peke yake jikoni, na machozi yakamtoka kwa furaha kabla hajakumbuka kuogopa.

Hofu ililetwa na Bi Sikudhani, mama yake Tamimu, aliyekuja Jumatatu na barua mkononi. Serikali ya Mvumo ina adabu sana. Haipendi kumshtua mzazi. Barua ilisema: *Kwa heshima na taadhima unaombwa kuleta sanda ya mtu mzima mwenye urefu wa futi sita, Jumamosi saa tatu asubuhi, lango la nyuma la gereza. Tafadhali usichelewe, kwani wahusika wana majukumu mengine.*

"Mwanangu ana futi tano na nusu," alisema Bi Sikudhani. "Hata kumpima hawakumpima."

Kidawa alisoma barua mara mbili. Uzinduzi wa albamu ulikuwa Ijumaa. Miaka miwili walimweka Tamimu hai kwa kuwa Rais alihitaji mistari. Ijumaa mistari itakuwa ya Rais, na Jumamosi hatabaki mtu wa kukumbuka ilikuwa ya nani.

"Mama, sanda kanunue," alisema. "Lakini usije ukaipeleka gerezani. Uje nayo uwanjani, Ijumaa."

Aliyasema hayo kwa sababu asubuhi ile ile alikuwa ameona tangazo jipya ukutani, Amri ya Rais Namba Kumi na Moja. Rais hakuwa akimwamini makamu wake, wala mkuu wa majeshi, wala mke wake wa tatu. Kwa hiyo aliamuru: *Mwenye albamu ya Chuma na Damu ni hazina ya taifa. Atakayemgusa hata unywele mmoja atanyongwa hapohapo, bila kujali cheo.* Wanajeshi wote waliamriwa kuikariri, na usiku na mchana walisikika kambini wakiiimba huku wakikimbia.

Amri haikutaja jina la mtu. Ya nini? Nani angethubutu kuuliza mwenye albamu ni nani?

Kidawa alipitisha ulimi kwenye fizi, akahesabu. Kumi na mawili. Yanatosha.

*

Alhamisi alitembelewa na Waziri wa Midundo, Mheshimiwa Chambuso, mtu mnene mwenye sauti ya mnada. Alikuja na vitu viwili, sinia ya halua na koleo. Akaviweka mezani sambamba.

"Ndugu mhakiki, hii halua ni ya leo. Hili koleo ni la kesho, kutegemea."

"Kutegemea nini, Mheshimiwa?"

"Sisi hatumwingilii mtu maoni yake! Toa alama yoyote uipendayo kati ya kumi na kumi. Taifa limepitia mengi. Taifa linahitaji kupumzika kwenye kivuli cha alama kamili."

"Mimi nitatoa alama itakayomfaa mwenye maneno."

"Basi mwenye maneno atafurahi!"

"Ndivyo ninavyoomba," alisema Kidawa, akamfungulia mlango. Halua akawapa majirani. Koleo likabaki mezani; Waziri alilisahau kwa furaha.

*

Ijumaa, saa nne asubuhi, watu elfu arobaini walikusanywa uwanjani kwa mapenzi yao na kwa mbwa. Mawaziri walipigania viti vya mbele. Naibu Waziri wa Maji akang'atwa kidole kikakatika, akakifunga leso, akakaa. Radi Kuu alipanda jukwaani kwa miwani ya dhahabu akachana nyimbo zote kumi akisoma kwenye skrini kubwa kama dirisha la msikiti. Watu walishangilia. Waliochelewa kushangilia walipigwa mitama na kukalishwa vizuri.

Kisha akaitwa mhakiki, na daktari mwenye ndoo ya maji ya chumvi na kopo la meno.

Pembeni ya jukwaa, kwenye meza yake, alikuwepo Mzee Sengo, Karani wa Ngumi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na daftari kubwa kuliko kifua chake. Mzee huyu alikuwa amehudumu chini ya marais wanne. Alikuwa na imani katika kitu kimoja tu duniani, nacho ni utaratibu.

"Mhakiki, albamu unaipa ngapi?"

"Sifuri," alisema Kidawa.

Uwanja ukanyamaza hadi mbwa wakaona aibu kubweka. Bunduki mia nne zilikokiwa kwa pamoja. Lakini Radi Kuu akainua mkono, kwani hata jemadari anajua kwamba mhakiki akifa kabla ya kujibiwa, albamu imeshindwa, na aibu hiyo haifutiki kwa vizazi saba. Isitoshe, alikuwa amefurahi. Tangu aanze usanii hakuna aliyempa nafasi ya kupiga mtu kisanii. Akavua koti. Pete hakuvua.

"Ngumi kumi," alisema. "Shika vizuri hiyo ndoo, daktari."

"Taja mstari wa kwanza," alisema Mzee Sengo.

"Unaoanza *Mlango wetu ni mmoja*."

"Msanii, ghani."

Radi Kuu akageukia skrini.

"Izimwe," alisema Mzee Sengo bila kuinua macho. "Kwa kichwa, Mheshimiwa. Sheria."

Skrini ikazimwa. Rais akakohoa. "*Mlango wetu ni mmoja*," alianza kwa kishindo. "*Mlango wetu ni mmoja... na dirisha... na madirisha yapo mengi...*"

Mzee Sengo akagonga kengele. "Ngumi inarudi kwa msanii."

Hapo Waziri Chambuso aliruka kutoka kitini. "Haiwezekani! Mwili wa Rais hauguswi! Katiba, kifungu cha nne! Jambo lolote linalohusu mwili wa Rais hukaimiwa!"

"Ni kweli," alisema Mzee Sengo, akafunua daftari. "Hukaimiwa na nani?"

"Na waziri anayehusi..." alisema Chambuso, kisha akafunga mdomo. Alikuwa amechelewa.

Kidawa hakuwahi kumpiga mtu maishani. Lakini alikuwa amepigwa mara nyingi na wastadi, na mwanafunzi wa namna hiyo huwa amelielewa somo. Alisimamisha mguu wa kushoto, akazungusha kiuno, na Waziri wa Midundo akaketi chini akiwa na meno mawili kwenye kiganja, akiyatazama kama mtu aliyeletewa chenji pungufu.

Mstari wa pili ukatajwa. Rais akaghani kitu kuhusu bendera. Kengele. Akakaimu Waziri wa Sheria, pua ikahamia shavuni. Mstari wa tatu, kengele, Waziri wa Afya akabebwa kwa machela aliyoizindua mwenyewe wiki iliyopita. Huko viti vya mbele vikaanza kuwa vitupu. Mawaziri sasa walipigania viti vya nyuma, na Naibu Waziri wa Maji akapoteza kidole cha pili.

"Mleteni yule wa chini!" Chambuso alipiga kelele, damu ikimchuruzika kidevuni. "Amnong'oneze! Tutakwisha!"

Yule wa chini alikuwa Tamimu. Walimfungia chini ya jukwaa kwa minyororo, ili arekebishe skrini ikikosea neno. Sasa wakamsogeza hadi chini ya miguu ya Rais, wakamwambia apitishe mistari kwenye ufa wa mbao. Tamimu akanong'ona. Rais akarudia. Mzee Sengo aligonga kengele.

"Naomba kuuliza. Maneno haya yametoka juu yakashuka, au yametoka chini yakapanda?"

Mzee akaondoka kitini, akalala kifudifudi, akaweka sikio kwenye mbao. Akainuka, akajipangusa vumbi.

"Yametoka chini. Sheria inamtambua aliyetangulia. Fungueni."

Tamimu akatolewa, mwembamba kama ufito, nguo za jela, akikunja uso kwa jua. Akamwona Kidawa. Akaona bunduki.

"Wewe," alisema Mzee Sengo. "Tunaanza upya. *Mlango wetu ni mmoja*. Ghani."

Rais alimtazama Tamimu kwa jicho ambalo limewahi kufunga vyuo vikuu. Lakini mchanaji akiombwa mstari wake mbele ya watu elfu arobaini hawezi kunyamaza. Labda umzike kwanza.

*Mlango wetu ni mmoja, njaa ina funguo mbili,*
*ya kwanza kaja nayo, ya pili kapewa na wakili.*

Uwanja uliguna kwa pamoja, mguno wa mtu aliyeguswa jeraha.

"Sahihi," alisema Mzee Sengo. "Sasa mpige mhakiki."

"Nani?" alisema Tamimu. "Dada Kidawa? Simpigi."

"Usipopiga, maneno si yako."

"Basi yasiwe yangu."

Kidawa aliona Chambuso akianza kutabasamu kwa yale meno yaliyobaki. Kumweleza Tamimu habari za amri hakuweza. Neno moja tu, na Waziri angeelewa kabla daftari halijafungwa. Nyuma ya kamba, katikati ya watu, alimwona Bi Sikudhani amekumbatia furushi jeupe.

"Muoga," alisema Kidawa kwa sauti ya kusikika hadi viti vya mwisho. "Umekaa miaka miwili na kalamu ukaandika hivi? Funguo mbili! Uji wako ulikuwa na ladha kuliko mstari huu, na ule uji ulikuwa maji."

"Dada, usinifanyie hivyo."

"Mtu asiyeweza kuusimamia mstari wake, mama yake alizaa kipaza sauti."

Ngumi ya kwanza ilikuwa ya woga. Hata hivyo ilitoa jino. Daktari akaliokota, likalia ndani ya kopo, na Mzee Sengo akaandika: *shavu la kulia*.

Ya pili Tamimu aliipiga akilia. Kwa mstari wa tatu Kidawa alimwambia amekosa mizani, hakuwa amekosa. Wa nne alisema ni wa kuokota. Tamimu akaacha kulia. Pua zake zikapanuka, na ngumi ya nne ikampeleka Kidawa hadi kwenye nguzo.

"Sema tena," alisema Tamimu.

"Wa tano ndio aibu yenyewe. *Mimi ni simba wa simba*!"

Hapo Kidawa hakuwa anasema uongo, na Tamimu alijua, na hakuna ngumi iliyouma kama hiyo. Ya sita ilimpasua nyusi. Ya saba ilimkuta amepiga magoti. Akapanda nguzo kwa mikono akasimama. Ya nane ilirusha damu hadi kwenye miwani ya dhahabu ya Radi Kuu. Ya tisa hakuisikia. Watu waliziba macho, wakachungulia kati ya vidole.

"Mstari wa kumi," alisema Mzee Sengo, naye sauti yake imekauka.

"Unaoanza *Walinikata ulimi*," alisema Kidawa. Alimeza damu. Miaka kumi na mmoja hakuwa ameudhulumu mstari mzuri hata mmoja, na leo alishadhulumu saba. Huu ungekuwa wa nane. "Huu... haujakamilika. Ubavu wa pili umeupachika tu. Bora ungeuacha jikoni kwangu."

Tamimu aliughani polepole, neno kwa neno, machoni mwake hakuna udugu tena. Kisha akapiga. Kidawa alianguka chali, na jino la kumi likalia koponi.

Mhuri ukashuka. "*Chuma na Damu*," Mzee Sengo alisoma. "Mistari kumi, ngumi kumi, meno kumi. Mwenye albamu: Tamimu Bakamo. Daftari limefungwa."

Radi Kuu alinguruma. Akamrukia Tamimu, akamkamata nywele kwa mkono mmoja, bastola kwa mwingine. "Huyu ni maiti! Ni maiti tangu jana!"

"Mheshimiwa," alisema Mzee Sengo, "naona umemshika nywele."

Na askari mmoja mdogo, kwa mazoea tu, akaanza: "Mwenye albamu ya *Chuma na Damu* ni hazina ya taifa..." Wa pili akadakia. Walikuwa wameikariri wiki nzima wakikimbia, na miguu ikaanza kwenda yenyewe. Bunduki mia nne, sauti mia nne: "Atakayemgusa hata unywele mmoja! Atanyongwa hapohapo! Bila kujali cheo!"

Wakasimama. Kamba ikaletwa. Hapo wote wakakumbuka jambo lilelile.

"Shingo ya Rais haiguswi," alisema Mzee Sengo akifunua daftari. "Hukaimiwa."

Macho elfu themanini yakamgeukia Waziri wa Midundo.

Hakuna aliyewahi kujua kwamba Mheshimiwa Chambuso anaweza kuruka ukuta. Aliuruka, na Baraza la Mawaziri likamfuata, na jeshi likalifuata Baraza, na Naibu Waziri wa Maji, aliyebaki na vidole vinane, alionekana mara ya mwisho akivuka mpaka kwa vyote vinane. Rais alibaki jukwaani na unywele mmoja mkononi. Askari wachache waliobaki walimning'inizia kitanzi mbele ya pua, kwa heshima, bila kumgusa, hadi kaimu apatikane. Nasikia mpaka leo hajapatikana.

*

Tamimu alimwinua Kidawa. Umati uliwapisha kwa upana wa barabara, kila mtu akibana nguo zake zisije zikamgusa kijana. Langoni Bi Sikudhani alifungua furushi, akachana sanda ya mwanawe vipande, akamfuta Kidawa mdomo.

Mama alikuwa amemweleza Tamimu yote kwa maneno matano walipofika barabarani. Kijana alitembea akitazama ngumi yake iliyoumuka kama andazi.

"Dada. Nimekuelewa. Mungu akulipe." Akatembea hatua nyingine kumi. "Lakini kweli sifuri?"

"Mjinga wewe," alisema Kidawa, maneno yakipita kwa shida. "Nane."

"Nane?"

"Simba wa simba, Tamimu. Nchi nzima hii kila mwenye kipaza sauti ni simba. Na ule wa sita, moyo na choyo, umejaza nafasi."

"Ule wa ulimi je?"

Kidawa alimshika mkono ule uliovimba, akaukamua kidogo, akauachia.

"Kwa hiyo zipo mbili," alisema Tamimu.

"Zipo." Kidawa akafungua kinywa. Mbele kabisa, juu na chini, yalisimama meno mawili. "Nilikubakishia."

Tamimu aliyatazama. Akaikunja ngumi yake, akaikunjua, akaguna.

"Kesho," alisema. "Mkono unaniuma."

"Kesho," alisema Kidawa. "Uje na uji."